Sikujua, Tena kwa Makusudi

Kwa wale ambao gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa sabuni kabla hamjalisoma, niwarudishe nyuma kidogo.

Mimi ni msimamizi wa lifti katika jengo la ghorofa sita, lenye kliniki, ofisi za mawakili na chuo cha kompyuta. Jumamosi ni katekista parokiani. Siku tano nawapandisha watu ghorofani, siku ya sita nawapandisha mbinguni. Nilikuwa nasema hivyo kwenye sherehe na watu wanacheka. Siku hizi sisemi tena.

Lifti namba mbili iliteleza kutoka ghorofa ya nne, ikaenda kujibamiza chini. Ndani alikuwamo mtu mmoja tu. Na mtu huyo, kati ya binadamu wote waliojaa duniani, alikuwa mama mkwe wangu, ambaye nilikuwa nimempeleka mwenyewe kliniki ya macho. Akavunjika nyonga.

Fundi wangu, mzee mmoja tunayemwita Bisibisi, akasimamishwa kazi siku hiyo hiyo. Akasema alikuwa amenionya kuhusu breki ya lifti ile. Nikaulizwa mbele yake kama ni kweli. Nikajibu kwa sauti ya mtu aliyekosewa heshima: "Mimi sikujua chochote."

Hapo ndipo tulipoachana. Baadhi yenu mkanitumia salamu za pole kupitia kwa mhariri. Asanteni sana. Mkimaliza kusoma wiki hii mtazitaka zirudi.

Jumatano nilikwenda wodi ya mifupa na mfuko wa machungwa na uso wa huzuni. Machungwa niliyanunua getini. Uso nilikuwa nimeuandaa kwenye kioo cha gari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Vuta kiti."

"Tumshukuru Mungu, mama. Ingeweza kuwa mbaya zaidi."

"Kwa nani?"

Niwaambie kitu kuhusu mama mkwe. Amestaafu ukunga. Miaka thelathini amewauliza wanawake uchungu umeanza saa ngapi, na amewauliza wanaume walikuwa wapi. Mtu wa namna hiyo humdanganyi. Unampa tu nafasi ya kukutazama ukijaribu.

"Nina swali moja tu," akasema. "Siku ile uliniingiza kwenye lifti. Ukanibonyezea namba nne. Ukasema, tutakutana huko juu, mama. Halafu wewe ukapanda ngazi. Kwa nini?"

"Mazoezi, mama. Daktari ameniambia nipunguze tumbo."

Akalitazama tumbo. Tumbo nalo, bila aibu, likamtazama.

"Umeyaanza lini hayo mazoezi?"

"Kama miezi miwili hivi."

"Mwanangu anakupikia kila siku, hajaniambia kuhusu mazoezi."

"Nafanyia kazini tu, mama."

"Kwenye ngazi."

"Kwenye ngazi."

"Za jengo lenye lifti ambayo ni kazi yako."

Nikamenya chungwa. Nilipomaliza nikamenya la pili. Hakuna aliyekuwa amesema anataka.

Sasa wasomaji, kwa kuwa mama mkwe ameshanivua nguo, nimalizie mwenyewe kilichobaki. Kwa miezi miwili nilikuwa sijakanyaga lifti namba mbili. Sikuwahi kukaa chini nikajiuliza sababu. Kichwa changu kilikuwa hakijui kitu. Miguu ndiyo ilikuwa inajua, na mimi nikaiachia miguu siri yake.

Na Bisibisi aliniambia? Hapana. Nilihakikisha haniambii.

Mara ya kwanza alikuja mlangoni, kofia mkononi. "Bosi, ile breki ya namba mbili—"

"Umejaza fomu?"

"Bado, bosi, nilitaka kwanza uje usikie inavyo—"

"Kajaze fomu, mzee. Utaratibu ni utaratibu."

Akajaza. Akaleta. Nikaipokea kwa mikono miwili kama mtu mwenye adabu, nikaiweka droo ya tatu, uso chini. Akaleta ya pili. Droo ya tatu. Akaleta ya tatu. Ikalala na wenzake.

Mnaniuliza kwa nini. Ni rahisi. Nikisoma, najua. Nikijua, lazima niizime lifti. Nikiizima, mawakili wa ghorofa ya tano watampigia meneja wa jengo, naye atanipigia mimi. Na nilikuwa nimependekezwa kusimamia majengo matatu. Anayetaka majengo matatu haendi kutafuta matatizo kwenye lifti moja.

Kwa hiyo niliposema mbele ya wakubwa "sikujua", sikusema uongo. Kila neno lilikuwa la kweli. Nilikuwa nimeufanyia kazi ukweli huo kwa miezi miwili.

Jumamosi nikaenda kufundisha. Somo la siku, kwa bahati yangu nzuri, lilikuwa dhamiri. Ratiba huchapwa mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo hakuna wa kumshuku isipokuwa Roho Mtakatifu.

Nikaandika ubaoni: KUTOJUA HUMWONDOLEA MTU LAWAMA. Sijawahi kuwa na mwandiko mzuri namna ile. Nikapiga na mstari chini yake.

Fundi cherehani akanyoosha mkono. Ni mwanamke wa makamo anayejiandaa kubatizwa, na husikiliza kwa namna inayomfanya mwalimu atamani angekuwa na wanafunzi wavivu.

"Siku zote, mwalimu?"

"Kama hakuwa na njia ya kujua, hana hatia. Mtu ampe mgeni maji, kumbe yana sumu, yeye hakujua. Kosa lake liko wapi?"

"Na kama aliona yana rangi, akafumba macho ndipo akamimina?"

"Huo ni mfano mwingine."

"Ndiyo huo ninaouuliza, mwalimu. Tuseme mteja ameniletea kitambaa. Utepe wa kupimia uko chumba cha pili, mimi sitaki kunyanyuka. Nakata hivi hivi. Nguo ikimbana namwambia, samahani dada, sikujua kiuno chako. Hiyo sikujua itanisaidia?"

"Itakusaidia kupunguza wateja!" mtu akadakia kutoka nyuma. Darasa likacheka.

Mimi nikafungua kitabu cha mwalimu, nitafute cha kumnyamazisha. Nikakuta kuna ukurasa mzima juu ya suala hilo hilo. Kwa miaka tisa nimekuwa nikiuruka kwa sababu unakuja mwishoni mwa somo, na mwishoni mwa somo watu huwa na njaa.

Nikausoma kimya kimya, huku darasa zima likinisubiri. Maana yake ilikuwa fupi. Kanisa halimhesabii mtu asichoweza kujua. Humhesabia alichokuwa na wajibu wa kukijua akajitahidi asikijue.

"Mwalimu?" akasema fundi cherehani.

"Haitakusaidia," nikamjibu. "Hiyo sikujua ni yako mwenyewe."

Akaandika kwenye daftari lake. Mimi nikafuta ubao, nikianzia na ule mstari.

Jioni hiyo paroko alikuwa anaungamisha. Nikapanga foleni nyuma ya bibi mmoja ambaye kwa muda aliotumia, ama aliua mtu ama alikuwa na upweke. Zamu yangu ikafika.

"Nibariki, Padre, kwa kuwa nimekosa. Ila si sana."

"Endelea."

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama wakili anayemtetea mteja anayempenda. Nikamalizia: "Kwa hiyo, Padre, naona kutojua kwangu ni kule kusikoshindika, ambako mtu hana njia ya kukuondoa."

Nikasikia kiti chake kikilia.

"Nani amekufundisha neno hilo?"

"Mimi ndiye ninayelifundisha, Padre."

Akakohoa. Au alicheka, sijui. Na hapa kweli sijui.

"Hizo fomu ziko wapi?"

"Droo ya tatu."

"Umezisoma?"

"Hapana."

"Hata baada ya mama kuvunjika?"

"Hapana, Padre."

"Kwa nini?"

"Nikizisoma nitakuwa nimejua."

"Umekuja kuungama, au umekuja kuchukua cheti?"

"Kama vyeti vipo, Padre—"

"Havipo." Sauti yake ikashuka. "Nisikilize. Kuna mtu giza humkuta njiani, tunamhurumia. Wewe ulizima taa mwenyewe, halafu unalalamika huoni. Na kila siku uliyoacha kuifungua droo ile, ulikuwa unachagua upya. Usiite hiyo ajali."

Nikahesabu vitundu vya wavu uliokuwa kati yetu.

"Nani ameumia kwa kosa hili?"

"Mama mkwe."

"Na nani mwingine?"

Nilikaa muda mrefu kiasi kwamba aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni naye akaanza kukohoa.

"Fundi wangu. Wanasema hakukagua. Wanamwita mzembe."

"Alikuwa mzembe?"

"Ndiye mtu pekee kwenye jengo lile ambaye hakuwa."

"Una nia ya kumrudishia jina lake?"

"Nina nia ya kuwa na nia, Padre."

"Basi rudi ukiwa na moja tu. Siwezi kukuondolea dhambi ambayo bado umeifungia kwenye droo."

Nikatoka bila maondoleo. Yule aliyekuwa nyuma yangu alikuwa mwenyekiti wa kwaya. Akanitazama kwa huruma kubwa, ile huruma ambayo Jumapili asubuhi huwa imeshafika kila benchi.

Na Jumapili nikabaki nimekaa wakati wa komunyo. Mtu wa kawaida akibaki, hakuna anayeona. Katekista akibaki, watu wanasali kwa jicho moja. Mke wangu akapita mbele yangu, akapokea, akarudi, akapiga magoti. Hakuniuliza kitu. Kuna kuulizwa, na kuna kutoulizwa na mke wangu, nachagua kuulizwa.

Akanisubiri hadi nyumbani. Alikuwa anakunja shuka, mimi nimeshika ncha mbili, yeye mbili.

"Mama ameniambia habari za ngazi, Baba Pacha."

"Yalikuwa mazoezi tu, mama watoto."

"Vuta upande wako. Ulijua?"

"Sikujua."

"Hukujua nini?"

"Kwamba breki imechoka. Sikujua inateleza, sikujua kwamba Bisibisi ameandika mara tatu, sikujua—"

Akaacha shuka. Ncha zake mbili zikaanguka sakafuni.

"Mtu asiyejua kitu hawezi kukitaja," akasema. "Wewe unakijua vizuri mno usichokijua."

Akaingia chumbani, akatoka na mkoba. Akasema anakwenda kukaa kwa mama yake wodini mpaka jioni, na kwamba nikipata njaa niende kwa miguu, kwa kuwa napenda mazoezi.

Jumatatu asubuhi kulikuwa na kikao cha pili cha uchunguzi. Nilifika ofisini mapema. Nikafungua droo ya tatu. Nikatoa zile fomu, nikazigeuza, nikasoma.

Ya kwanza: "Breki ya namba mbili inateleza kidogo ikibeba watu wengi."

Ya pili: "Breki inateleza hata ikiwa na mtu mmoja. Naomba ruhusa kuizima."

Ya tatu iliandikwa siku nane kabla ya ajali. Mwandiko ulikuwa umeinama, kama mtu aliyeandikia kwenye paja. "Bosi, kama hatuizimi, basi nakuomba mtu mzima au mgonjwa asipande hii."

Nilikaa kwenye kiti changu. Nikajaribu kulia, kwa sababu niliona ndiyo hatua inayofuata. Machozi hayakuja. Kilichokuja ni picha ya kidole changu kikibonyeza namba nne, na mama mkwe akirekebisha kitambaa chake kichwani ndani ya lifti, akinishukuru.

Nikazichukua fomu, nikapanda ghorofa ya sita. Kwa ngazi. Safari hii nilikuwa na sababu halali, lifti zote mbili zilikuwa zimefungwa.

Chumba cha mikutano kilikuwa na watu watano. Mkurugenzi. Meneja wa jengo, akiwa na tai mpya. Mama afisa utumishi na faili lake. Mpelelezi wa polisi kwenye kona, anaandika. Na Bisibisi, amevaa koti la suti lililomzidi mabega, mikono mapajani. Hakuniangalia.

"Kabla hatujaanza," nikasema, "nina jambo."

Nikaziweka fomu mezani. Nikasema yote. Kwamba mzee huyu alikagua. Kwamba alinionya mara tatu kwa maandishi. Kwamba nilizificha bila kuzisoma ili siku kama hii niweze kusema sikujua. Kwamba mzembe si yeye, ni mimi. Sauti ilitetemeka mahali panapofaa. Kwa mara ya kwanza tangu ajali nilijisikia mtu safi, na nikasubiri wakubwa wanikasirikie.

Mama afisa utumishi akazisoma fomu moja moja. Akavua miwani.

"Kwa hiyo fundi alijua," akasema.

"Ndiyo! Ndicho ninachosema. Alijua, akaniambia."

"Tangu miezi miwili iliyopita."

"Tangu miezi miwili."

"Na fundi ana ufunguo wa kuzimia lifti?"

"Anao, lakini mwaka jana aliizima namba moja bila kuniuliza, nikampa barua ya onyo. Asingethubutu tena."

"Kwa hiyo namna ya kuizima pia alikuwa anaijua." Akaandika.

Nikainama nione anachoandika.

"Samahani, mama," nikasema. "Nadhani hatujaelewana. Mwenye kosa ni mimi."

Akafungua faili, akalifuata kwa kidole. "Kanuni ya kumi na mbili. Mfanyakazi anayejua hatari na asichukue hatua atawajibika kwa madhara yote. Msimamizi ambaye hakujua, atapewa mafunzo ya siku mbili." Akaniangalia. "Wewe ulijua?"

"Sikujua kwa sababu nilikataa kujua!"

"Hiyo 'kwa sababu' haina nafasi kwenye fomu yetu," akasema, bila ubaya wowote. "Kuna 'alijua' na kuna 'hakujua'. Nikuwekee tiki wapi?"

Meneja wa jengo akalegeza tai yake mpya. Alikuwa mtu aliyeona mvua ikimpita na kwenda kunyesha kwa jirani.

"Mimi nampongeza msimamizi kwa uaminifu wake," akasema. "Watu wa namna hii ndio tunaowahitaji kwenye majengo matatu."

Mpelelezi akainua kichwa kwa mara ya kwanza. "Mpaka asubuhi hii," akasema, "onyo analodai alilitoa halikuwa na ushahidi, tulikuwa tunazungumzia fundi ambaye hakukagua. Huo ni uzembe, ni suala la ofisi yenu, anapoteza kazi anakwenda nyumbani. Fundi ambaye alijua mara tatu, kwa tarehe na saini, akaiacha lifti inatembea hadi mtu akavunjika, huyo ni wangu."

Bisibisi akafumba macho, akafumbua.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilikuja kumtoa mzee shimoni, nami nikawa nimewaletea koleo la kumfukia. Kila nililolisema kumtetea lilikuwa limeandikwa upande wake. Na mimi? Mimi nilikuwa msafi. Niliyefumba macho nilikuwa nakwenda semina. Aliyeyafumbua alikuwa anakwenda ndani.

"Ila saini hizi tunahitaji zithibitishwe," akasema mpelelezi. "Ofisi yenu haina nakala. Bila uthibitisho wako hizi ni karatasi tu, mtu yeyote angeweza kuziandika jana." Akageuza ukurasa mpya wa daftari. "Jibu fupi, kwa kumbukumbu. Fomu hizi aliziandika yeye, katika tarehe hizi? Alijua, au hakujua?"

Nikisema ndiyo, nimesema kweli tupu, na mzee anafungwa kwa ajili ya usingizi wangu. Nikisema hapana, nimeongopa mchana kweupe, na anarudi nyumbani na jina la uzembe nililokuja kumfutia. Miaka tisa nafundisha dhamiri, na hakuna ukurasa nilioukumbuka, wa mbele wala wa nyuma.

Nikamgeukia Bisibisi. Alikuwa ananitazama, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, kwa utulivu, kama anavyotazama mashine kabla hajaamua aanze na nati ipi.

"Wajibu, bosi," akasema. "Hili unalijua."